Dereva Aliyeiacha Sauti Yake Langoni

Nyumbani kwake alikuwa mtu wa maneno machache mno, hadi mtaani tukawa tunasema mbwa wake ndiye msemaji wa familia. Tunapakana ua kwa ua hapa Karatu, upande wa juu wa barabara ya lami, na kwa miaka isiyopungua kumi na mitano nilimsikia asubuhi akisema, "Nimetoka," na jioni akisema, "Nimerudi." Katikati, kama kulikuwa na la tatu, lilikuwa, "Chumvi."

Tulimwita Dereva. Jina analo, na kanisani huwa linasomwa linapohitajika, ila mwenyewe akiitwa hivyo huchelewa kugeuka, kana kwamba anaitwa mtu aliyeketi nyuma yake. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wageni kreta ya Ngorongoro: kuwachukua hotelini alfajiri, kuwapandisha hadi langoni, kuwapitisha msituni kwenye ukungu, kuwashusha shimoni na kuwarudisha jioni wakiwa na vumbi kwenye kope na furaha ya watoto waliopewa pipi.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nalisema mapema ili msije mkategemea makubwa. Nina duka la madaftari na mashine ya fotokopi karibu na soko, na kidato cha nne nilimaliza kwa matokeo ambayo marehemu mama aliyakunja akayaweka ndani ya Biblia, nadhani yaombewe. Nikilala nje ya Karatu siku mbili naanza kuulizia basi la kurudi. Mke wa Dereva, ambaye mtaa mzima tunamwita Mama, ana jina lake kwa ajili yangu: "Wewe kuku wa banda." Namjibu, "Shikamoo Mama," kwa sababu ukweli haujibiwi.

Dereva alikuwa mtu wa mambo yasiyolingana. Kazini aliendesha kama amebeba mayai ya jirani. Kwenye pikipiki yake mwenyewe, akienda shambani kwake Endabash kupalilia mbaazi, alipita kwa kishindo ambacho mpaka leo kuku wangu wakikisikia wanatangulia jikoni. Aliweza kusimamisha gari hatua tano kutoka kwa simba akamenya yai la kuchemsha taratibu. Lakini ng'ombe wa jirani akiwa njiani, Dereva alizunguka kupitia mtaa wa pili. Yeye, Mwiraki wa huku Karatu, kabila la wafugaji, wa kuzaliwa na kulelewa kwenye zizi! Nilimwuliza siku moja. Akasema, "Simba najua anataka nini. Ng'ombe sijui." Nikaenda nalo nyumbani kama mtu aliyepewa gunia zima.

Hakupiga picha. Wageni walipompa kamera awapige, aliwapiga vizuri, kisha akairudisha haraka kama sufuria ya moto. Na hakuahidi kitu. Madereva wenzake waliwaambia wageni, "Leo chui lazima!" Yeye alisema, "Nawapeleka. Siwaahidi." Vijana wa hotelini wanasema neno hilo liliwatia wageni hofu asubuhi na kuwatia machozi jioni.

Ndiyo, machozi. Hapo ndipo penyewe.

Mara moja tu, zamani kidogo, niliwahi kushuka naye shimoni. Msaidizi wake aliumwa, akanigongea geti, akasema, "Kubeba maboksi ya chakula. Unaweza?" Ni sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kupata kwake, nikaona ni vibaya kuikataa. Wageni walikuwa wazee wawili, mume na mke. Tulipanda tukiwa kimya mpaka lango. Tulipolipita tu, pale msitu unapofunga na ukungu unapoanza kutembea barabarani kama ng'ombe weupe wasio na mchungaji, nikasikia mtu anaongea. Nikageuka nione ni nani mwingine amepanda.

Alikuwa ni yeye. Alikuwa anasimulia kwa Kiingereza cha kuteleza, anacheka kabla ya wageni kucheka, anaigiza pundamilia anayegombana na mkwewe. Aliwasalimu wachungaji wa Kimasai barabarani kwa Kimaa, akatupiana nao utani kupitia dirishani, nao wakacheka wakishika matumbo. Kwenye redio ya kuitana na madereva wenzake aliimba. "Sharubu yuko wapi?" waliuliza wenzake, wakimaanisha simba, kwa kuwa neno simba wageni wanalijua na mtu hapendi kuharibiwa mshangao wake. Yeye akajibu, "Sharubu amelala, ameoa juzi." Mchana kutwa nilikaa kiti cha nyuma nimekumbatia maboksi ya kuku wa kukaanga, najihisi nimeingia ndotoni mwa mtu mwingine bila kubisha hodi.

Jioni tukapanda. Tukavuka lango. Nikasubiri aendelee. Hakuendelea. Sauti ilikatika palepale, kama redio inapoingia bondeni, na hatukuisikia tena hadi Karatu. Yule bibi wa kizungu alimpa mkono hotelini akilia kidogo. Dereva akainamisha kichwa. Kisha akaja nyumbani, nikamsikia kupitia uani: "Nimerudi."

Mama alikuwa hajawahi kwenda kreta. Msishangae, watu wengi wa Karatu hawajawahi. Shimo liko hapo juu, linajulikana duniani kote, na sisi tunalijua kama mtu anavyojua chumba cha kulala cha mwenye nyumba. Lakini Mama mumewe alikuwa anashuka huko karibu kila siku. Kila mwaka alimwomba mara moja, baada ya mavuno, bila kelele. "Baba, mwaka huu vipi, nami nipande?" Naye kila mwaka akajibu, "Tutaona." Na haikuwa siri kwake kwamba kule mumewe anaongea. Karatu ni ndogo. "Vijana wa hotelini wananisimulia vichekesho vya mume wangu," aliniambia siku moja akichambua maharage kwenye ungo. "Nacheka. Ila nacheka siku mbili baadaye, tena kwa mdomo wa mtu mwingine." Akapuliza makapi. "Kuku wa banda, ungekuwa wewe ungejisikiaje?" Nikasema mimi nisingejisikia vyovyote kwa kuwa sina mume. Alinirushia konzi ya maharage, na nilistahili.

Basi, mwaka mmoja kabla hajastaafu, Dereva aliwabeba wageni kutoka Maskati: mzee mmoja mfanyabiashara na mkewe, waliozaliwa Unguja wakahamia Omani wakiwa wadogo. Kiswahili chao kilikuwa kitamu kiasi kwamba changu kilijificha nyuma ya mlango. Siku tatu alizunguka nao. Wakiondoka, mzee yule akasema, "Umetuchekesha mpaka tumerudi utotoni. Ukistaafu, njoo kwetu siku tatu, wewe na mkeo. Sisi na nyinyi ni majirani; katikati kuna maji tu."

Watu husema maneno ya namna hiyo. Huyu alituma tiketi kweli, au tuseme alipiga simu kuuliza majina ya kuandika kwenye tiketi. Dereva akamweleza Mama mezani. Mama akaweka kijiko chini.

"Siendi."

"Tiketi ni za bure."

"Siendi, Baba. Niende nchi ya watu, niketi kwenye zulia la watu, wakiniuliza kreta kwenu ikoje nitawaambia nini? Nitawaambia inaanzia pale mume wangu anaposema nimetoka?"

Nilikuwepo, nilikuwa nimerudisha bakuli lao. Nilitamani kuwa bakuli. Dereva akaangalia ukutani. Mama akaninyooshea mwiko. "Mchukue huyu. Akaone kama kuna banda huko."

Hivyo ndivyo mimi, mtu ambaye mbali kwake ni Arusha mjini, nilivyokwenda Maskati badala ya mke wa mtu.

Nilifungasha maparachichi na kilo tano za maharage ya Endabash ya kuwapa wenyeji, na unga wa ugali wa kunilinda mimi. Kwenye ndege Dereva alikaa mikono yote miwili mbele ya kifua, imepinda kidogo kama imeshika usukani, na kila tulipotikisika aliizungusha.

Maskati siwezi kuieleza kwa utaratibu kwa sababu sikuiona kwa utaratibu. Niliiona kama unavyouona mji ukiwa na homa ndogo. Ni jiji jeupe lote, fupi, kama limefuliwa asubuhi likaanikwa chini ya milima. Milima yenyewe haina hata jani moja, ina rangi ya mkate ulioungua, na imekaa karibu na nyumba mno, kama wageni wasiotaka kuaga. Joto lilitupokea mlangoni mwa uwanja wa ndege kama mtu aliyefunua sufuria usoni petu. Baada ya adhuhuri maduka yanafungwa, barabara zinatulia, na kivuli kinakuwa kitu ambacho watu wanakitembelea. Kwenye soko la zamani kule Matrah tulipita vichochoro vyenye moshi wa ubani, nikawa sijui kama natembea mimi au zinatembea kuta. Mchuuzi mmoja alituuliza tunatoka wapi. Nikasema Karatu. Akasema, "Ah! Karatu!" kwa furaha kubwa, na mpaka leo najua hakuwahi kuisikia, lakini nilimpenda.

Kahawa yao wanaitia iliki, wanakupa na tende, kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono. Kikiisha wanakijaza. Ukinywa wanajaza. Mimi na Dereva tumelelewa kutokurudisha chakula cha watu, tukanywa, tukanywa. Ilipofika finjani ya tisa moyo wangu ulikuwa unapiga ngoma ya jando. Bibi wa nyumba akaangua kicheko: "Wanangu, ukitosheka unakitikisa kikombe! Hebu kitikise!" Tukavitikisa wote wawili kwa pamoja, kama watu wanaofukuza nzi.

Sasa nije kwenye lile la gari. Kule usukani uko kushoto, nao wanapita upande wa kulia. Asubuhi ya kwanza Dereva aliamka kabla ya kila mtu, akatafuta ndoo na kitambaa, akalifuta gari la mwenyeji mpaka likang'aa. Tulipotoka kwenda mjini, akafungua mlango wa mbele kulia, akaketi, akanyoosha mikono. Hakuna usukani. Akabaki amekamata hewa. Na nje ya mlango, amesimama na mkoba wake, alikuwa bibi wa nyumba akitabasamu.

"Hapo kiti cha bibi yangu hapo," akasema mzee wa Maskati, taratibu.

Dereva akaruka nje, akaomba radhi, akaja nyuma kwangu. Mchana, tulipotoka sokoni, akafungua mlango uleule. Asubuhi ya pili, uleule. Mwili wake haukujua mlango mwingine. Kila mara bibi alisubiri nje bila kukunja uso, na kila mara Dereva alitoka na kuja nyuma, na kila mara alikaa kimya zaidi ya mara iliyopita. Nilimtania, nikamwambia, "Mzee, utaozwa kwa nguvu." Alikuwa anatazama visogo viwili vilivyokaa mbele yetu.

Siku ya pili, kwenye foleni ya magari, akatazama juu, akapiga dirisha kwa kidole. Juu ya jiji lile jeupe alikuwa anaelea tai mweupe, uso wa njano, mkia kama kabari. "Mwone!" akasema, na sauti ikatoka. Ileile ya shimoni! Akaeleza jinsi ndege yule anavyookota jiwe kwa mdomo akalitupa juu ya yai la mbuni, akakosa, akaokota tena, akakosa, akatazama pembeni kama mtu anayehofia wakwe zake wanamwona. Aliigiza. Shingo ilikuwa ya tai kabisa. Bibi alicheka hadi akashika dashibodi; mzee akakosa kuona taa imebadilika, magari ya nyuma yakapiga honi zikasikika nchi nzima.

"Mwenyezi Mungu amjaalie mkeo," bibi akasema akifuta macho. "Ana bahati yule! Nyumba yenu basi haina ukimya hata siku moja."

Sauti ikakatika. Safari hii hapakuwa na lango.

Alasiri hiyo, wenyeji wakiwa wamelala, tulipanda juu ya paa tukakaa kwenye kivuli cha tangi la maji. Mbele yetu mapaa meupe yalishuka hadi baharini, na misikiti ikaanza kuadhini, mmoja baada ya mwingine, sauti zikifika kwa kuchelewa kama watu wa ukoo mmoja wanaoitana kutoka shamba hadi shamba. Dereva akasema bila kunitazama:

"Unafikiri kwa nini sijampeleka?"

"Kazi, Mzee. Gari la watu."

"Gari ningepata. Kule shimoni kuna mtu mwingine. Umemwona. Nikivuka lango anapanda, nikirudi anashuka. Sijui nimfanye nini afike nyumbani. Nikifika mlangoni nimeshasema yote, nimewapa watu wa mbali. Mama akikutana naye, atamwuliza swali moja tu. Miaka yote hii ulikuwa wapi?"

Ilikuwa nafasi yangu ya kusema neno la maana. Mapaa yote ya Maskati yalikuwa yanasubiri. Nikasema, "Jua kali kweli huku."

Ndiyo hekima yangu yote, na cheti ninacho.

Siku ya tatu mzee wa Maskati alituzungusha kando ya bahari. Tuligundua kwamba hakuwa anatuzungusha sisi. Alikuwa anaongea na bibi yake.

"Pale ndipo palikuwa na duka la baba yangu."

"Ulishaniambia."

"Nakuambia tena. Halijahama, lile."

"Na ule mlango wa bluu?"

"Umeukumbuka!"

Tukaendelea hivyo saa nzima, sisi wageni tumesahauliwa nyuma na maparachichi yetu ya mwisho, jiji likipita dirishani jeupe na polepole kama maziwa yanayomiminwa. Dereva hakutazama jiji. Nadhani hakuna mgeni aliyewahi kuiona Maskati kidogo kuliko yeye.

Tuliporudi Karatu mtaa ulitaka habari. Mimi nilizitoa zote, na nyingine nikazitunga. Yeye alimpa Mama boksi la halua na ubani kwenye karatasi, akasema, "Wanakusalimu." Nikajua hakuna kilichobadilika.

Miezi ikapita. Alikuwa ameshastaafu, anashinda Endabash na mbaazi zake. Jioni moja ya Jumatano nilikuwa kwao nimeazima tena bakuli lile, Mama akasema akipakua makande:

"Jumamosi akina mama wa kanisa wanapanda kreta. Nimejiandikisha."

Dereva akainua uso. "Nani anawaendesha?"

"Dereva."

"Dereva gani?"

"Sijui. Nimeambiwa ni yule anayeongea."

Dereva alikula makande yake mpaka mwisho, punje kwa punje. Alijua, nami nilijua, kwamba kreta inaonwa mara ya kwanza mara moja tu, na Mama akishaonyeshwa na mtu mwingine, hakuna wa kumrudisha juu kwenye ukingo akamfunga macho upya.

Alhamisi hakuonekana. Ijumaa, kabla jua halijatoka, nikasikia injini uani kwao. Alikuwa amekwenda kwa bosi wake wa zamani kuazima gari, lile la paa la kuinuka, na alikuwa amevaa shati la kazi, limepigwa pasi mpaka mistari ingeweza kukata mkate. Akanigongea. "Kubeba chakula," akasema. "Unaweza?"

Mama alitoka akiwa na gauni la Pasaka, sweta mbili na viatu vya kanisani. Dereva akamfungulia mlango wa mbele kushoto. Akapanda bila kusema neno. Nikapanda nyuma na ndoo ya chapati, mayai na chupa ya chai, nikaomba Mungu wa pande zote.

Tukavuka lango. Nikasubiri ile sauti. Msitu ukafunga, ukungu ukashuka, Dereva akawasha taa. Kimya. Kwenye ukingo, pale watu wote duniani wanaposimama kushangaa, tukashuka tukatazama. Hapakuwa na shimo. Palikuwa na weupe tu, juu, chini, mbele.

"Ndiyo hii?" Mama akauliza.

"Ukungu."

"Basi nimeshaiona." Akavuta sweta. "Inafanana na wewe."

Tukateremka. Chini ukungu uliinuka kama pazia, na nyasi zikaenea mpaka mbali, za dhahabu, zimejaa nyumbu na pundamilia, na ukuta wa kreta umetuzunguka wote kama tumekaa ndani ya bakuli la mtu mkubwa. Mama alishika dirisha. Dereva akafungua mdomo, akaufunga. Tulipita nyati, kimya. Tulipita viboko, kimya. Redioni wenzake walimpokea, "Mzee umerudi! Sharubu wako mtoni!" Naye akajibu, "Sawa." Saa mbili nzima tukaendeshwa katikati ya uzuri wote ule kama watu waendao msibani. Mama alikuwa ameacha kutazama nje. Alikuwa anatazama mapaja yake.

Mimi sina ujasiri. Nina ujinga, na siku hiyo niliamua kuutumia. Mbele yetu walipita wanyama wawili wadogo, rangi ya nyasi, wanakimbia sambamba. Nikakohoa kama mwalimu mkuu.

"Mama, wale unaowaona pale ni fisi. Fisi wachanga. Wanakula majani."

Gari likasimama.

"Bweha," akasema Dereva.

"Fisi, Mzee, mimi nimesoma."

"Umesoma wapi wewe! Bweha! Fisi wa kula majani umemwona kwenye fotokopi?"

Mama akainua kichwa. "Bweha ndiyo nini?"

Dereva akaeleza polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akipapasa kwa mguu: "Bweha... ni dume na jike wake. Hao wawili. Wakioana wameoana. Mmoja anakwenda kuwinda, mwingine anabaki shimoni na watoto. Na yule wa kuwinda akirudi, anaita akiwa bado mbali."

"Anaita nini?"

"Anamwambia yuko wapi. Anamwambia..." Akakwama. "Basi anaita tu, yule wa nyumbani ajue."

"Kumbe," Mama akasema. "Mnyama."

Upepo ukapita kwenye nyasi. Nilijaribu kuwa chapati. Dereva akatazama mikono yake, kisha akamtazama mkewe, na nikaona yule mtu mwingine anapanda garini, taratibu, anaona aibu, anatafuta pa kukaa.

"Saita," akamwambia, salamu ya nyumbani, ya Kiiraki, kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. Na akaanza. Akaita bweha. Akaita kwa sauti ya dume, akajibu kwa sauti ya jike. Akasimulia simba aliyelala kwenye kivuli cha gari lake akamzuia kuondoka hadi mgeni mmoja akakosa ndege. Akasimulia tembo mzee anayewadharau madereva wote isipokuwa wa gari la maji. Alichanganya Kiswahili na Kiiraki, mengine yakamtoka kwa Kiingereza kwa mazoea, akataka kutafsiri, Mama akamwambia, "Acha, endelea tu." Mama aliona kifaru, kidoa kilichokuwa mbali kwenye nyasi. "Miaka yote hii nimesubiri kidoa?" akasema, akacheka, na Dereva akacheka kabla yake, na flamingo kule ziwani walikuwa mstari mwekundu usioisha. Mayai nilikula peke yangu yote sita. Hakuna aliyeyakumbuka.

Jioni tukapanda ukuta. Nilianza kuhesabu kona. Tulipolivuka lango alikuwa katikati ya hadithi ya kiboko aliyeingia kambini akalala mlangoni mwa choo, na mgeni yuko ndani. Sauti ikapungua. Ikawa vipande. Kwenye lami ya Karatu ikawa "mh", na tulipoingia uani hapakuwa na kitu. Akazima injini. Kuku walikuwa wanaingia kulala. Mbwa alisimama akatikisa mkia.

"Tumefika," akasema Dereva.

"Nimeona," akasema Mama. Hakusogea.

Nikashuka na ndoo yangu. Akazunguka akamfungulia mlango, akasimama ameushika. Mama alitazama mbele, mikono juu ya mapaja, gauni la Pasaka limejaa vumbi jekundu.

"Shuka basi, Mama."

"Sishuki."

"Kuna nini?"

"Yule mgeni bado yuko chooni."

Dereva akaangalia nyumba, mlango uliofungwa, mbwa, mimi. Kisha akarudi upande wake, akapanda, akaketi. Niliona midomo yake ikihangaika kwa mara nyingine, ngumu kuliko asubuhi, maana hapa hapakuwa na nyasi wala bweha wa kumsaidia. Palikuwa na ua wake tu.

"Basi," akasema, "yule kiboko..."

Mama akanigeukia kupitia dirishani. "Kuku wa banda, nifungie mlango huo. Baridi inaingia."

Nikaufunga.